Miezi Minne ya Emmett Rask

Katika kampuni ya ndege ya mzee Garnet Stobbe, marubani vijana hawakusalimiana kwa kuulizana habari za asubuhi. Waliulizana, "Umebakiza mingapi?" Aliyeulizwa alitaja miezi yake, kumi na saba, tisa, miwili Mungu akipenda, kisha wote wakacheka kama wafungwa wa chumba kimoja na kila mtu akaelekea kwenye ndege yake.

Marlys Hnatiuk alibakiza kumi na minne.

Alikuwa binti wa wakulima wa Dauphin, mwenye miaka ishirini na sita, mfupi wa kimo lakini mrefu wa subira. Kampuni ilimfundisha kwa siku kumi na mbili kurusha ndege ya mizigo ya injini moja, na kabla hajaketi kwenye kiti cha rubani aliwekewa karatasi mbele yake. Ulikuwa mkataba wa mafunzo: atumikie miaka miwili, la sivyo arudishe dola elfu kumi na nane. Baba yake alitia sahihi kama mdhamini, akaweka dhamana kipande cha shamba kilicho karibu na mto. "Miaka miwili ni nini?" alisema mzee huyo. "Mimi nimewatumikia ng'ombe arobaini, na hawajanipa hata cheti."

Basi Marlys akahamia Thompson, mji wa mgodi ulio mbali kaskazini mwa kwao, akawa anabeba maziwa, nepi, makochi na vipuri kuvipeleka vijiji vya kaskazini ambavyo havina barabara ila wakati maji ya mito na ya maziwa makubwa yameganda kuwa barafu. Kazi aliipenda. Karatasi ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Wakongwe hawakuwa na karatasi hiyo, kwa kuwa waliajiriwa kabla haijabuniwa. Mmoja wao alikuwa kapteni Roland Desjarlais, Mmetisi, mzawa wa Wazungu na wenyeji wa asili, wa miaka hamsini na minane, mwenye masharubu ya mvi na sauti ya kukwaruza. Majira yale ya baridi alikuwa akitembea na kadi za kujiunga na chama cha marubani kwenye mfuko wa shati, pamoja na sigara. Chama kilitaka mkataba mmoja wa wote: mafunzo yawe gharama ya mwajiri, mtu asifungwe kwa kufundishwa kazi, na rubani akisema "siendi", asiulizwe mara ya pili.

"Binti, kadi yako imezeekea mfukoni mwangu," Roland alimwambia siku moja kantini, mdomo umejaa mkate wa kukaanga.

"Iache izeeke, Kapteni. Ikifa tutaizika."

"Unaogopa nini hasa? Wendell?"

Wendell alikuwa mtoto wa mzee Garnet, na ndiye aliyeendesha mambo. Mzee mwenyewe alikuwa akijifungia chumba cha juu, akishuka kwa nadra, na wafagizi walisema anaongea peke yake.

"Naogopa shamba la baba yangu," Marlys alijibu. "Wendell ametwambia wazi. Atakayeleta vurugu, mkataba wake unadaiwa siku hiyohiyo."

Roland alitaka kusema jambo, akalimeza pamoja na mkate.

Mwisho wa Januari, Marlys alikuwa peke yake angani akielekea Ziwa la Mbweha. Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limejilaza chini kabisa upande wa kusini, halina joto, na kule chini theluji na mawingu vilikuwa rangi moja, hata usijue lililo juu na lililo chini. Redio ya kampuni ikakoroma.

"Umebakiza mingapi?"

Ilikuwa sauti ya kijana. Marlys akatabasamu, akabonyeza kitufe. "Kumi na minne. Wewe je?"

Redio ikakwaruza. Halafu: "Mimi minne."

"Una bahati, ndugu yangu! Nani mwenzangu?"

Akasikia kitu kama mtu anayevuta pumzi kwenye baridi kali, pumzi inayokatika kabla haijafika kifuani. "Mimi minne," sauti ikarudia, kwa lafudhi ileile, ikishuka mwishoni vilevile, kama mtu anayesoma.

Kisha redio ikakatika. Marlys akawapitia kichwani marubani wote wenye karatasi, mmoja mmoja. Hakuna aliyebakiza minne.

Aliporudi alimsimulia Bernice Linklater, mratibu wa safari, mwanamke wa Kikrii, kabila la wenyeji wa kule, aliyefanya kazi pale miaka kumi na tisa na ambaye hakuna lililomshtua. Bernice aliacha kuchapa.

"Ulimjibu?"

"Nilimjibu. Ningejuaje?"

"Basi usimjibu tena, mdogo wangu."

Akainuka, akafunga mlango, akavuta droo ya mikataba. Alitoa faili moja jembamba na kuliweka mezani bila kulifungua. Jalada liliandikwa: Emmett Rask.

"Alikuwa na miaka ishirini na minne," Bernice alisema. "Mtoto wa Swan River, mpole, alikuwa ananiletea jamu ya mama yake. Ni miaka miwili sasa, Februari, siku ya mvua inayogandia kila inachokigusa. Ndege ilishindwa kujibeba, ikatoboa barafu ya Ziwa la Mbweha, ikazama. Barafu ilipoyeyuka waliipandisha. Kiti kilikuwa kitupu, Marlys. Na mkanda umefungwa."

"Umefungwa vipi na kiti ni kitupu?"

"Ndivyo polisi walivyoandika. Wapiga mbizi walitafuta wiki mbili. Hawakupata hata kiatu."

Marlys alilitazama faili. "Na hili kwa nini bado liko hapa, kwenye mikataba ya walio hai?"

"Kwa sababu mkataba wake haujafungwa. Alikuwa amebakiza miezi minne. Wakili wa kampuni alimwandikia mama yake alipe kilichobaki." Bernice alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta. "Mama aliirudisha barua ileile. Chini yake ameandika kwa kalamu ya risasi: Mrudisheni mwanangu, nitalipa."

Tangu siku hiyo Marlys hakujibu. Lakini kutojibu si kutosikia. Kila alipokuwa juu ya ziwa lile mchana, sauti ilimwuliza, na kila ilipomwuliza ulimi wake ulijaa namba. Mwili ulizoea kujibu kuliko akili ilivyozoea kunyamaza. Wenzake wenye karatasi walikuwa wakiisikia pia. Aliwajua kwa jinsi walivyoacha ghafla ile salamu ya "umebakiza mingapi", bila mtu kuwakataza. Wasiokuwa na karatasi walisikia mikwaruzo tu.

Wiki ya pili ya Februari baridi ililegea. Manyunyu yakaanza asubuhi, mepesi, yakigusa kitu tu yanageuka kioo. Kamba za umeme zikanenepa. Fundi mmoja alianguka mara mbili kati ya banda la ndege na ofisi, akaamua kutambaa huku wenzake wakimpigia makofi.

Saa nne Wendell alimwita Marlys. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye tabia ya kusema mambo magumu kwa sauti ya chini.

"Ziwa la Mbweha. Vipuri vya pikipiki za theluji na soda. Wamengoja siku tatu."

"Umeona nje, Wendell?"

"Nimeona. Mawingu yanapanda. Ukifika futi elfu nne umeshayapita."

"Ilipangwa kwa Kapteni Torvald, hii safari."

"Torvald amekataa." Wendell aligusa droo ya mikataba kwa kidole, akaigusa tena. "Torvald ni mkongwe, hana karatasi; naweza kumwomba tu. Wewe, Marlys, tuna makubaliano."

Hakuna aliyepaza sauti. Marlys alichukua karatasi za safari, akatoka.

Ndege ilikuwa imesimama mwisho wa uwanja, na vifuniko vya mabawa vilikuwa vimeshatolewa. Vilikunjwa pembe kwa pembe na kupangwa chini ya mkia. Kizibo cha injini nacho kilikuwa kimetolewa na kuwekwa kando yao. Marlys akafikiri, fundi ameniwahi, kisha akakumbuka kwamba mafundi wote walikuwa ndani wakimcheka aliyetambaa. Katika theluji laini nyayo za mtu mmoja zilitoka upande wa ziwa lililo nyuma ya uwanja, si upande wa banda, zikafika kwenye mlango wa kulia wa ndege. Nyayo za kurudi hazikuwepo.

Alizunguka ndege mara mbili akizitafuta. Halafu alifanya lile ambalo baadaye hakuweza kulieleza kwa baba yake wala kwa wakili: akapanda.

Mkanda wa kiti cha kulia ulikuwa umefungwa na kukazwa juu ya hewa tupu. Aliufungua. Aliketi, akawasha injini, akaanza kupitia orodha ya ukaguzi, kidole kwenye mstari, mstari baada ya mstari. Kwenye mstari wa tisa alisikia mlio mdogo wa chuma kikiingia kwenye chuma. Hakugeuka mara moja. Alipogeuka, mkanda ulikuwa umefungwa tena.

"Umebakiza mingapi?"

Safari hii haikutoka redioni. Redio alikuwa hajaiwasha. Marlys aliuma midomo, akasikia ladha ya damu.

"Mimi minne," sauti ilisema, karibu kabisa, bila uadui wowote. Ilikuwa sauti ya mfanyakazi mwenzako anayetaka zamu iishe arudi nyumbani. "Twende."

Na ndege ikaanza kwenda. Marlys aliutazama mkono wake ukiwa juu ya kishikio cha kuongeza nguvu ya injini, ukisukuma taratibu, na hakuwa na hakika kwamba ni yeye aliyeuamuru. Taa za kando zikapita. Alikuwa tayari kwenye njia ya kurukia, pua imeelekea weupe, manyunyu yakimwagika kwenye kioo na kugandia hapohapo. Aliangalia bawa la kushoto. Ukingo wake uling'aa kama umepakwa mafuta.

"Twende," sauti ikasema.

"Siendi."

"Twende. Mimi minne."

"Siendi, Emmett." Hakujua jina lilimtokaje. "Bawa limeganda. Siendi. Na wewe hukupaswa kwenda siku ile. Ungesema tu hivi, siendi, halafu ukashuka."

Propela ilizunguka. Barafu ikanyofoka kwenye ncha zake, ikapiga ubavu wa ndege kama mawe. Kisha ile sauti ikauliza swali, na kwa mara ya kwanza haikuwa ya kusoma. Ilitetemeka.

"Inaruhusiwa?"

Marlys alivuta kishikio nyuma. Alizima injini palepale katikati ya njia ya kurukia, akashuka, akatembea hadi ofisini bila kofia, nywele zikigandamana. Nyuma yake hakutaka kutazama.

Wendell alimfukuza kazi kabla hajamaliza kuvua glovu, akamwambia barua ya madai itafika Dauphin kabla ya Ijumaa. Marlys alikaa kwenye benchi la abiria.

Huko ndiko Roland alikomkuta alasiri, aliporudi kutoka kusini. Bernice alikuwa ameshamsimulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile ndege iliyokuwa imevutwa hadi mlangoni, na mbele ya marubani waliotoka kutazama alilipiga bawa ngumi. Bamba la barafu nene kama kigae likaanguka, likapasuka miguuni pake. Alipiga tena, na tena, hadi Bernice akamshika mkono kwa kuwa ulikuwa unavuja damu.

Kisha akaja kuketi karibu na Marlys.

"Ile safari ya Emmett ilikuwa yangu," alisema. "Nilitazama nje nikasema siendi. Nani angenifanya nini? Mimi sina karatasi. Nikaenda zangu nyumbani, nikala supu, nikalala. Sikujiuliza mzigo atapewa nani." Alivuta pumzi. "Haki yangu ya kukataa ndiyo iliyomuua, binti. Nilikuwa nayo peke yangu. Haki ya namna hiyo ina sumu."

"Kapteni, leo alikuwa na mimi mle ndani."

"Najua."

"Wewe humsikii. Unajuaje?"

"Mimi nasikia mikwaruzo. Lakini nawaona ninyi mnavyosikiliza."

Marlys alinyoosha mkono wazi. Roland akaelewa, akatoa kadi, ina alama ya kidole chake cha damu pembeni. Marlys aliitia sahihi palepale benchini. Kufika jioni kadi zilizokuwa zimekwama kwa wiki saba zilikuwa zimejaa sahihi.

Mambo ya sheria yana mwendo wa kobe, ila yalikwenda. Wakili wa chama, mama mmoja wa Winnipeg aitwaye Philippa Adeyinka, aliandika barua ya nusu ukurasa juu ya mtu anayemfukuza rubani kwa kukataa kupaa na barafu bawani, na siku ya tisa Marlys alirudishwa kazini. Dauphin haikufika barua yoyote. Kura ilipopigwa mwezi wa Machi, kati ya marubani ishirini na watatu, kumi na tisa walitaka chama.

Mazungumzo yalifanyika Mei katika ukumbi wa hoteli, Marlys akiwa amechaguliwa kuwasemea wenye karatasi. Wendell alipinga kila kipengele, kisha akakubali kimoja kimoja, kama mtu anayeng'olewa meno. Mafunzo yakawa gharama ya kampuni. Mikataba yote ya mafunzo ikafutwa. Rubani akisema haendi, safari haipewi mwingine hadi marubani wawili wakae na kuamua pamoja. Kipengele hicho ni Roland aliyekidai, na hakurudi nyuma hata hatua moja.

Lilibaki jambo la mwisho. Roland alilitaja amesimama.

"Orodha ya mikataba iliyofutwa ina majina kumi na moja. Nataka yawe kumi na mawili."

Wendell alielewa, akaguna. "Huyo ni marehemu. Unataka kampuni isaini karatasi ya marehemu?"

"Mlimdai alipokuwa marehemu. Basi mwachilieni vilevile."

"Huo ni upuuzi."

"Acha, Wendell."

Mlangoni alikuwa amesimama mzee Garnet, na koti lake la zamani la urubani limemning'inia kama la kuazima. Hakuwahi kuhudhuria hata kikao kimoja. Alikuja hadi mezani, akaweka lile faili jembamba, lakini kiganja hakukiondoa juu yake.

"Kila siku saa saba mchana ananiita," alisema. Hakuwa akimwambia mtu fulani. "Nina redio kule juu. Ananiuliza nimebakiza mingapi. Mimi! Namjibu, 'Endelea tu, mwanangu, unakaribia.' Sijui la kumwambia zaidi." Alilitazama jalada. "Mimi ndiye niliyemwajiri. Barua kwa mama yake niliiona wakati imeshakwenda, nikanyamaza. Niliona haya. Kisha nikafikiri, nikiifuta hii karatasi, hataita tena. Na asipoita, basi ni kweli amekufa."

Hata Wendell alitazama chini.

Ni Marlys aliyesema, polepole kama anavyosemeshwa mgonjwa. "Mzee Garnet, amechoka. Nilimsikia kwa karibu. Amechoka sana."

Garnet aliitikia kwa kichwa, mara nyingi. Alifungua faili, akaandika neno moja juu ya ukurasa wote, umekwisha, akatia sahihi na tarehe. Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika chache. Walikaa wakiisubiri bila kuambiana kwamba wanaisubiri. Saa saba ikapita, na hakuna sauti iliyoita. Saa saba na robo mzee aliinuka, akatoka bila kuaga.

Jumamosi, Roland na Marlys waliipeleka ile karatasi Swan River kwa pikapu, mwendo wa siku nzima. Marlys alijipangia njiani maneno ya kumwambia mama wa watu, akayapanga upya, hakuna hata moja lililomtosha. Roland alivuta sigara saba.

Nyumba ilikuwa nje ya mji, ya mbao, imepakwa rangi ya kijani siku nyingi zilizopita. Mama yake Emmett aliwafungulia kabla hawajabisha. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye unga mikononi, na uso ambao Marlys hakuutarajia: uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Mama Rask," Roland alianza, kofia mkononi, "tumetoka Thompson. Tumekuletea—"

Mama aliweka kidole mdomoni.

"Semeni kwa chini, tafadhali," alisema. "Alifika Jumanne, mchana, nilikuwa naanika nguo. Hata chakula hakutaka. Bado amelala."

Nyuma yake kulikuwa na ukumbi mwembamba, na mwisho wa ukumbi mlango uliofungwa. Kando ya mlango, juu ya gazeti lililotandazwa, palikuwa na jozi ya buti za baridi. Zilikuwa zikivuja maji, taratibu, na gazeti lilikuwa limelowa hadi pembeni.

Marlys alimpa ile karatasi. Mama aliisoma kwa makini, kila mstari, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa aproni. Kisha akawakaribisha jikoni, akawamiminia kahawa, akawakatia keki ya karoti, na wote watatu wakala bila kugonganisha vijiko. Waliongea mambo ya kawaida kwa kunong'ona, mvua, bei ya mbegu, barabara ilivyoharibika. Roland alijaribu mara moja kusema lile la safari iliyokuwa yake. Mama alimwekea mkono begani, akauacha hapo mpaka Roland alipoacha kulia.

Jioni ilipokaribia waliaga. Walitoka na soksi, viatu mkononi, wakavivalia nje kwenye ngazi. Roland hakuwasha injini pale uani. Aliachia breki, na wote wawili wakaisukuma pikapu hadi barabarani.